Nani Mwingine Anajua Kikambala

Simu kutoka Kikambala iliingia Jumatano saa nne kasorobo asubuhi. Inspekta Immaculate Nasike alikuwa amepiga magoti ndani ya gari la kulala, akipima kama chandarua kitafika kitanda cha nyuma.

"Mama Apondi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume wa pwani, ya upole. "Ni mimi Kaingu, wa kambini. Nimepiga kukwambia lile ombi lenu halina taabu. Nitawaweka huku juu, kando ya barabara."

Nasike aliachilia chandarua. "Ombi gani?"

"La shemeji yenu, aliyepiga jana jioni. Kasema gari la kulala latoka bara Alhamisi, na ndani mna dada anaogopa bahari. Basi nisimweke ufuoni. Nimweke karibu na ua, pale malori ya taka yanapoingilia."

"Alikupa jina lake?"

"Hakutaja. Aliuliza tu lango hufungwa saa ngapi."

"Ukamwambia?"

"Sasa mama, si mgeni wenu?"

Nasike alimwomba namba ya huyo shemeji, akaiandika, akashukuru, akakata. Alipoijaribu namba hiyo ilikuwa imezimwa. Aliijaribu tena, kisha akashuka garini na kusimama katikati ya yadi.

Yadi ilikuwa nyuma ya Kitengela mjini, imezungushiwa mabati marefu. Gari lenyewe zamani lilibeba wanafunzi. Ochola, fundi mwenye yadi, alikuwa ameling'oa viti na kuweka vitanda vinne, jiko la gesi, tangi la maji na choo kidogo cha kubebeka. Alilipaka rangi nyeupe na mstari wa kijani. Kwa mtu wa nje, hili lilikuwa gari la familia ya Apondi, baba, mama na dada wa mama, wanaokwenda kupiga kambi karibu na Mombasa. Hakukuwa na familia ya Apondi. Kulikuwa na Resian, msichana wa miaka ishirini na tatu, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya gari akisuuza vikombe.

Miezi minne iliyopita, kwenye mto mmoja upande wa Mashuuru, Resian alikuwa akiuza chai wakati mlinzi wa mto alipojaribu kuzuia malori ya mchanga. Mwenye malori, mtu aitwaye Mureithi, alishuka kwenye gari lake dogo na kumwamuru dereva apite. Dereva alipita juu ya mlinzi. Walioona walikuwa wawili. Wa pili, mchungaji wa mbuzi, aligongwa na lori lisilo na namba mwezi wa sita, kando ya barabara ya Isinya, akiwa ndani kabisa ya nyasi. Sasa amebaki Resian. Mureithi yuko nje kwa dhamana, na kesi itasikizwa baada ya siku kumi na tisa.

Mpango ulikuwa wa Nasike mwenyewe. Hoteli zingetaka kitambulisho. Nyumba ya kupanga ina msimamizi na majirani. Gari la kulala linaegeshwa siku tatu hapa, siku tatu kule, na halimwulizi mtu jina. Wangetoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, walale Voi, na Ijumaa wafike Kikambala. Mkuu wake alijua tu kwamba shahidi atahamishwa. Mahali palijulikana na watu wanne: Nasike, Konstebo Parsaoti ambaye angeendesha, Ochola na Resian.

Alianza na Ochola.

"Simu yako."

"Madam, asubuhi yote hii?" Ochola alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Si uniulize kwanza nimelalaje."

"Simu."

Aliitoa. Nasike alifungua rekodi ya simu. Namba ya Kaingu ilikuwemo, Jumatatu, dakika sita.

"Ulimpigia mtu wa kambi."

"Lazima. Nilitaka kujua stima yao wanachomeka na soketi gani. Ningetengeneza waya alafu ifike huko ikatae, ungenitukana mpaka babu yangu."

"Na hii?" Nasike alimwonyesha video. Gari la kulala lilikuwa linang'aa kwenye jua, na Ochola ndani yake akifungua kabati moja baada ya lingine kama mtu anayeuza nyumba. Ilikuwa imetazamwa na watu elfu nne. Mtu alikuwa ameuliza linaenda wapi. Ochola alikuwa amejibu: Pwani.

Ochola alirudisha kitambaa mfukoni. "Hiyo ni biashara tu. Sikusema Kikambala."

"Ulisema pwani kwa watu elfu nne."

"Madam, mimi nimejenga gari, sijajenga kesi. Wacha kuniangalia hivyo."

"Nani alikuuliza zaidi ya hapo?"

"Hakuna. Wananiuliza tu nimetoa wapi ile sinki."

Nasike alirudisha video mwanzo, akaitazama mpaka mwisho. Namba ya gari haikuonekana. Resian hakuonekana. Aliweka simu ya Ochola mfukoni mwake mwenyewe.

"Ochola, yule msichana anaogopa nini?"

"Ati anaogopa nini? Si anaogopa Mureithi, kama sisi wote?"

"Kingine?"

Ochola alifikiri. "Anaogopa kutumia hiyo choo, kwa sababu ukuta ni plywood. Kingine sijui."

Nasike alimtazama kidogo, kisha akamwacha. Alikwenda kuketi karibu na Resian kwenye ngazi.

"Resian, unaogopa bahari?"

Kikombe kilisimama mkononi mwa Resian. "Nani amekuambia?"

"Hukuniambia mimi. Ulimwambia nani?"

Resian aliweka kikombe chini. Aliinua macho akatazama upande wa lango, aliposimama Konstebo Parsaoti, kisha akayashusha haraka. Nasike alikuwa ameshaona.

"Parsaoti. Kuja hapa."

Parsaoti alikuja. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Isinya, asiyependa maneno mengi. Alivua kofia kabla ya kuulizwa.

"Ulimpeleka wapi?"

"Madam, ilikuwa saa moja tu."

"Sikuuliza ni muda gani."

"Kwa mamake. Jumapili mchana. Nilimlaza chini kwa kiti cha nyuma, nikamfunika na magunia. Hakuna mtu aliona."

"Nilisema nini kuhusu mamake?"

"Ulisema asiambiwe."

"Sasa?"

Parsaoti aligeuza kofia mikononi. "Madam, mtoto hatoki safari ya mbali bila mamake kumnyunyizia maziwa. Huyu alikuwa amekataa kabisa kuingia kwa gari. Alisema afadhali akae hapa wamuue kuliko atoke bila baraka." Alitazama lango. "Na mimi pia nisingeendesha. Hiyo barabara yote, malori mbele, malori nyuma, na hajabarikiwa? Sikuweza."

"Ni mimi nilimwomba," Resian alisema kwa sauti ndogo. "Usimfute kazi. Nilimwambia mama tu kwamba tunaenda Kikambala na gari la kulala, na kwamba mimi naogopa maji ambayo hayana mwisho. Mama hawezi kuniuza."

"Sijasema amekuuza," Nasike alisema. Alisimama. "Ochola, funga lango. Asiingie mtu, asitoke mtu. Resian, ingia ndani na uvute pazia. Parsaoti, washa gari letu."

Barabarani walipishana na malori ya mchanga yakielekea Nairobi. Parsaoti alikuwa na desturi ya kuyahesabu. Siku hiyo hakuyahesabu kwa sauti. Kila moja lilipopita, gari lao dogo lilitikisika, na Parsaoti alisogea kidogo zaidi kando.

Nyumba ya Mama Resian ilikuwa ya mabati, na nyuma yake zizi la mbuzi. Yeye mwenyewe, Elizabeth, alitoka akiwa na mwiko mkononi. Parsaoti aliinama kidogo, akamwamkia kwa Kimaasai.

"Takwenya, yieyo."

"Iko." Mama alimtazama Nasike, akatazama kofia ya Parsaoti iliyokuwa mkononi badala ya kichwani. Alisogea karibu. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko salama, mama," Nasike alisema. "Yuko salama mpaka sasa. Nataka kujua ni nani ulimwambia kuhusu safari."

"Mimi? Hakuna. Hata ndugu yangu sijamwambia. Parsaoti alinionya."

"Hakuna hata mmoja?"

"Nimekuambia hakuna. Nimemkabidhi kwa Mungu tu."

Nasike, aliyekuwa amegeuka kutazama zizi, aligeuka tena polepole. "Ulimkabidhi vipi?"

"Kwa maombi. Si unajua maombi?"

"Ulimwombea hapa nyumbani, wewe peke yako?"

"Na akina mama wenzangu. Kwa simu. Kuna kikundi chetu."

Parsaoti aliketi kwenye jiwe bila kukaribishwa.

Simu ilikuwa ndogo, kioo chake kimepasuka pembeni. Kikundi kilikuwa na watu sitini na wawili. Nasike alisoma ujumbe wa Jumapili jioni, huku Mama Resian akiwa amesimama karibu naye, akimsaidia kwa kidole mahali kioo kilipopasuka.

*Bwana asifiwe akina mama. Naomba mkumbuke mtoto wangu Resian. Anasafiri Alhamisi asubuhi kwenda Kikambala na gari la kulala. Hajawahi ona bahari na anaiogopa sana. Bwana amfunike.*

Amina arobaini na moja zilifuata. Mikono iliyokunjwa, maua, mishumaa. Mwanamke mmoja wa Rongai alisema amelipeleka ombi kwa kikundi kingine cha Tuala, ili waombe kwa mnyororo. Mama Resian alisoma hilo pamoja naye, akatabasamu kidogo kwa mazoea, kisha tabasamu likafa.

Chini zaidi, Jumatatu jioni, kulikuwa na maswali matatu kutoka kwa namba moja.

*Wanatoka saa ngapi, tuamke tuombe saa hiyo hiyo?*

Mama alikuwa amejibu: *Saa kumi na moja.*

*Gari ni ya rangi gani, tuifunike kwa damu ya Yesu?*

*Nyeupe, iko na mstari ya kijani.*

*Wanaenda na askari wangapi, tuwaombee kwa idadi?*

*Ni mmoja anaendesha na mama inspekta.*

Ndani ya nyumba kitu kilianza kuungua sufuriani, na hakuna aliyekwenda kukiangalia.

"Rangi ya gari ulijuaje?" Nasike aliuliza.

"Resian aliniambia. Alikuwa anaisifu." Mama alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele. "Nilidhani ni maombi. Dada Caroline huomba hivyo, kila kitu na jina lake. Mtoto akienda mtihani, yeye anataka kujua hata namba ya dawati."

"Caroline ni nani?"

"Ni kiongozi wetu wa maombi. Fundi wa nguo, kule Kitengela karibu na soko. Yeye hana ubaya, mama. Alimshonea Resian nguo ya kwaya."

"Na yeye ndiye aliyeandika maswali haya?"

"Si ni namba yake?"

Nasike alikuwa akipandisha ujumbe juu kwa kidole gumba. Wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Alifika Aprili, akasimama.

"Huyu Caroline, tangu Aprili hajaandika neno lolote refu. Ni sauti tu. Anaongea, anatuma. Mara moja moja Amina. Kwa nini?"

"Macho. Miwani yake ilivunjika Pasaka. Haoni hizi herufi ndogo."

Nasike alimtazama Parsaoti. Parsaoti alikuwa ameshasimama.

"Nakaa na simu hii, mama. Leo usitoke. Mtu akija kukuuliza habari za Resian, hata kama ni mchungaji wa kanisa, hujui."

"Na safari? Ataenda bado?"

"Hilo usiniulize tena," Nasike alisema. "Wala usimwulize mtu yeyote."

Duka la Caroline lilikuwa chumba kimoja, cherehani mbele na gauni za kwaya zimening'inia ukutani, zote za rangi ya zambarau. Caroline alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na alianza kuwachekea kabla hawajaingia.

"Karibuni! Afande, leo umekuja kupimwa suti ya harusi? Nimengoja mpaka nimezeeka."

Parsaoti hakucheka. Alifunga mlango nyuma yao, akasimama mbele yake. Nasike alionyesha kitambulisho, kisha akamwekea simu ya Mama Resian mbele ya macho.

"Nisomee hii, dada."

Caroline aliisukuma mbali kwa urefu wa mkono, akakunja uso, akaisukuma mbali zaidi. "Hii ni maandishi ama ni chawa? Mimi sioni. Baba Melvin ndiye hunisomea."

"Baba Melvin ni mume wako?"

"Ndio. Mugo. Jioni akirudi ananisomea kila kitu, na yeye ananiandikia Amina."

"Amina pekee?"

"Na nini kingine?"

Nasike alimsomea. Alisoma maswali yote matatu kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Caroline alisikiliza akiwa bado na tabasamu la kukaribisha wateja, kama mtu aliyesahau kulitoa.

"Hayo si yangu," alisema mwishowe.

"Najua. Mugo anafanya kazi gani?"

"Dereva."

"Wa gari la nani?"

Caroline alishika gurudumu la cherehani. "Lori la mchanga," alisema. Kisha, kwa sauti iliyoshuka, "La Mureithi. Lakini yeye hakuwa mto ule. Siku hiyo alikuwa mgonjwa, mimi nilimpikia uji. Naapa."

"Yuko wapi sasa?"

"Alitoka jana asubuhi. Amepeleka mchanga Mombasa."

Parsaoti aligeuza kichwa. "Mchanga wa Kajiado? Mombasa?"

"Ndivyo alisema."

"Dada, pwani nzima ni mchanga. Nani huko anaagiza wa kwetu?"

Huko nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza nyanya.

"Mpigie," Nasike alisema. "Weka spika tusikie. Mwulize yuko wapi, basi. Sikuambii useme uongo."

"Mtamfanya nini?"

"Inategemea nitampata kabla ya kesho asubuhi ama baada."

Simu iliita mara tano. Ilipopokelewa kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Mama Melvin."

"Baba Melvin. Umefika?"

"Bado. Niko Emali, nimeegesha. Gari ilichemka kidogo."

"Umekula?"

"Nimekula. Sikiza, hao watu wako wa maombi wameandika kitu kingine? Tafuta mtu akusomee. Wanatoka ile saa kumi na moja, ama wamebadilisha?"

Caroline alimtazama Nasike. Nasike hakutikisa kichwa wala hakuinua mkono. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya daftari.

"Mama Melvin? Uko hapo?"

"Niko. Kwa nini unataka kujua?"

"Tuwaombee."

"Wewe? Tangu tuoane umeomba mara ngapi? Hata chakula unabariki kikiwa kimeshafika tumboni."

Mwanamume alicheka. Kicheko kilikatika mapema.

"Ndani ya hiyo gari kuna Resian," Caroline alisema. "Resian wa Mama Resian. Nilimshonea nguo ya kwaya akiwa anafika hapa kwa meza."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama Melvin, mimi kazi yangu ni kukaa nyuma yao. Nyuma tu. Nikae karibu, wasiweze kupunguza mwendo. Wa mbele ndiye atafunga breki. Mimi hata sitagusa mtu, ni uzito wa lori."

Parsaoti alifumba macho. Caroline alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na maneno yake yalipotoka yalipitia kati ya vidole.

"Rudi nyumbani."

"Nirudi wapi? Jumatatu Mureithi alikuja hapo kwetu, si ulimwona? Ulikuwa jikoni. Alikunywa chai yako vikombe viwili. Alipotoka aliniambia, Mugo, mke wako anapika chai nzuri. Hakuongeza neno. Alisema hivyo tu, akaangalia ile dirisha ya chumba chetu, akaenda."

Caroline aligeuka akatazama mlango ambao Parsaoti alikuwa ameuegemea.

Nasike alinyoosha mkono akachukua simu. "Mugo. Ninaitwa Inspekta Nasike. Usikate."

Mngurumo wa injini uliendelea. Lori jingine lilipita huko Emali, likapiga honi ndefu.

"Mmemshika?" Mugo aliuliza.

"Sijamshika. Nimekuja kumtoa hapa."

"Mnampeleka wapi?"

"Hilo hutaambiwa. Na wewe ukiulizwa, utasema kweli kwamba hujui. Sasa nipe lori la mbele. Namba, na mahali lilipo."

"Nikikupa, na yeye bado amekaa kwa hiyo duka, atakuwa amekufa kabla jua liingie. Huwajui hawa."

"Nawajua. Nilimwokota yule mchungaji wa mbuzi kwenye nyasi."

Mugo akasema, "Mtoe kwanza. Nikisikia sauti yake akiwa kwa gari inayotembea, nitakupa kila kitu. Kabla ya hapo, hata mkinipiga, sisemi. Melvin yuko Nyeri kwa shangazi yake, huyo hawamjui. Huyu ndiye wanamjua."

"Na ukipigiwa na Mureithi?"

"Nitamwambia ni ile ile saa kumi na moja. Na lazima atauliza."

Walimtoa Caroline kwa mlango wa nyuma, akiwa amebeba gauni tatu za kwaya mikononi kama mtu anayezipeleka kwa mteja. Nasike alikuwa amemwambia abebe. Hakuaga jirani. Cherehani iliachwa na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano.

Kwenye yadi, Ochola alikuwa akiusukuma mtungi wa gesi mahali pake. Alipowaona watatu alisimama.

"Tunatoka sasa," Nasike alisema.

"Sasa? Madam, sijajaza tangi la maji. Na ile waya ya stima bado."

"Kikambala hatuendi. Leta rangi."

"Rangi gani?"

"Yoyote. Futa mstari wa kijani."

Ochola alitazama kazi yake ya wiki mbili. Hakufanya mzaha. Alichukua kopo la rangi ya kijivu na brashi pana, na Parsaoti akachukua brashi ya pili. Kwa dakika ishirini hakukusikika kitu ila brashi kwenye bati na malori barabarani. Rangi ilichuruzika chini ya madirisha, na hakuna aliyeipangusa. Nasike alipiga simu moja kwa ofisa anayemwamini huko Mtito Andei, akamwambia akae karibu na simu yake na asimwambie mtu kwa nini. Kisha akampigia Kaingu.

"Kaka, familia ya Apondi bado inakuja. Shemeji akipiga tena, mwambie nafasi kando ya barabara iko tayari. Halafu unipigie hapo hapo."

"Haya, mama. Kuna neno baya?"

"Wewe kesho lala kwa ndugu yako," Nasike alisema. "Funga lango mapema."

Saa tisa na nusu gari lilitoka yadini. Parsaoti aliendesha. Ochola alibaki ameshika lango, mikono yake ya kijivu, na Nasike alikuwa amemwambia akalale kwa dada yake. Mapazia yote yalikuwa yamevutwa. Caroline aliketi kwenye kitanda cha mbele na gauni zake mapajani. Resian alikuwa kwenye kitanda cha nyuma, magoti kifuani, akimtazama.

"Dada Caroline? Umekuja kuniombea?"

"Hapana." Caroline alizikunja gauni mapajani. "Mume wangu ndiye alikuwa akae nyuma yenu kesho. Na lori."

Resian alitazama mlango, akamtazama Nasike, akamtazama tena mwanamke aliyempima mabega na kiuno akiwa mtoto. Gari liliruka tuta, na wote watatu wakayumba upande mmoja.

Nasike alipiga namba ya Mugo, akampa Caroline simu.

"Niko kwa gari," Caroline alisema. "Inatembea. Sijui inaenda wapi." Alisikiliza. "Ndio, Resian amekaa hapa mbele yangu." Alisikiliza tena, kisha akairudisha simu bila kuaga.

Mugo alisema haraka, bila kituo. Namba ya lori la mbele, herufi kwa herufi. Jina la dereva. Kituo cha mafuta kisichofanya kazi, upande wa kushoto kabla ya kufika Mtito Andei. Nasike aliandika akiwa ameegemeza daftari kwenye sinki.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Ninaowajua ni mimi na huyo. Wa Kikambala simjui. Nimesikia tu yuko."

"Baki hapo ulipo."

"Nitabaki. Lakini mje na sare. Nikiona mtu bila sare nitajua ni wao."

Alikata. Nasike alipeleka namba Mtito Andei, kisha kwa kituo cha Emali, kwa maneno machache. Alipomaliza, gari lilikuwa limefika barabara kuu. Kulia ni njia ya Athi River na Mombasa. Kushoto ni Isinya, Kajiado na kwingine kote. Lori la mchanga lilipita mbele yao polepole, likidondosha maji. Dereva wake aliligeuzia macho gari lile la kijivu mbichi, akalitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Au labda alikuwa anatazama rangi inayochuruzika tu.

"Wapi, Madam?" Parsaoti aliuliza bila kugeuka.

"Kushoto. Ukiwa mbele nitakuambia kona."

"Tutapita karibu na kwa mama," Resian alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu Caroline ajibu. "Ameambiwa tumeondoka?"

"Hapana," Nasike alisema. "Naweza kumtumia mtu. Amwambie tu kwamba uko hai."

Resian alisogeza miguu, akamwachia Caroline nafasi ya kukaa kitandani kwake, mbali na dirisha.

"Asiambiwe," alisema. "Hata akilia."

Parsaoti alikata kona.